Juu ya nini unaacha kazi? Jibu linatayarishwa mbele ya kuondoka



Kuko ulizo moja lenye kurudia sana ku biro ya sindika, na haliko la mushahara wala la konje. Mufanyakazi anafika, anakaa, anasema: kampuni ingine imeniita kwa mahojiano. Kazi niko nayo sasa iko na matatizo. Wakiniuliza juu ya nini ninaiacha, niseme nini? Shofa wa benne anauliza hivyo. Sudere anauliza hivyo. Jurnalie mwenye kutumika miaka mitatu bila kuona kontra, naye anauliza hivyo.

Leo tunajibu wote pamoja, sababu tumeona watu wenye mikono mizuri wakipoteza kazi juu ya dakika mbili za maneno. Wamefaulu kuendesha mashini mbele ya watu, wamefaulu kwa munganga, karatasi zao zote ziko sawa. Kisha wanaanguka pale pa ile ulizo. Na mutu akianguka pale, haanguki peke yake. Ni nyumba nzima: bunga, nyumba ya kulipia, pesa ya masomo ya watoto.

Kwanza tuelewe wenye kuuliza wanatafuta nini. Mutu wa RH hana haja na historia yako yote. Anataka kujua mambo matatu. Utakimbia na huku pia kisha miezi tatu? Ulifukuzwa, na unaficha? Kesho utasema juu yake namna ile unasema leo juu ya wale wa kwanza? Ukijibu haya matatu, amejibiwa. Yenye kubakia ni habari yako na kampuni unayoacha.

Lakini wengi wetu tunafika pale na njia mbili, na zote mbili ni mbaya.

Njia ya kwanza ni kumwaga yote. Mutu amebeba hasira mwaka muzima. Mushahara umechelewa, kapita anatukana watu, prime ya usiku imekatwa bila maelezo. Anapoulizwa ulizo moja tu, mulango unafunguka, yote inatoka: anataja jina la kapita, anataja kabila yake, anasema ni mwizi, anasema kampuni yote ni ya wezi. Kila neno linaweza kuwa la kweli. Lakini mwenye kuuliza hakukuwa pale, hawezi kupima. Anasikia kitu kimoja tu: huyu ni mutu wa matata, kesho nitakuwa mimi. Wazee wetu walisema usitukane mamba ungali mu maji. Siku ile ya mahojiano, uko mu maji bado.

Njia ya pili ni uongo. «Ni mambo ya familia.» «Ninataka kukaa karibu na mama yangu.» Inaonekana kama akili, sababu haina hasira ndani. Lakini toka Lubumbashi mpaka Kolwezi ni karibu kilometa 300 za barabara, kupitia Likasi na Fungurume, na mu ile barabara watu wa RH wanajuana. Kapita wa kampuni moja mwaka ujao yuko mu ingine. Telefone moja inatosha. Njia ya mwongo ni fupi, na kwetu huku ni fupi zaidi.

Tena uongo uko na hasara ingine, yenye watu hawaoni haraka. Mutu mwenye kusema «familia» mbele ya meza, mara mingi ameandika vilevile «familia» mu barua yake ya kuacha kazi. Siku anapoenda kulomba mishahara yake yenye ilibakia, ile barua inasimama mbele yake. Wanamuonyesha: wewe mwenyewe uliandika kama hakukuwa shida. Na wale walibaki ku kazi, wenye kuendesha ile kamio yenye breki mbovu, hawana tena mushuhuda.

Basi sindika inasema nini? Tunasema hivi: ukweli mufupi mbele ya meza ya mahojiano, ukweli murefu kwa delege na kwa Inspection du travail. Yote miwili ni ukweli. Lakini kila moja iko na mahali pake na wakati wake. Na ule murefu unatangulia. Mutu mwenye kusema ukweli murefu pale panapofaa, mbele ya kuondoka, ndiye mwenye kuweza kusema mufupi bila kutetemeka. Mutu mwenye kunyamaza ku kazi, ni yeye anaenda kulipuka ku mahojiano.

Kwa hiyo jibu linatayarishwa siku ungali unavaa kaske ya kampuni ya zamani. Tuseme namna gani.

Kuandika. Kama mashini ni mbovu, kama maske haitoshi mu vumbi, kama mushahara haukuingia, sema kwanza kwa kapita. Asipotenda kitu, sema kwa delege, na kama ni jambo la hatari, kwa komite ya usalama ya kampuni. Kisha andika barua fupi yenye tarehe, na ubakie na nakala yenye muhuri ya kupokelewa. Watu wanasema: barua haibadilishe kitu. Siku zingine ni kweli. Lakini ile nakala ni yako. Siku utasema «nililileta ile shida kwa wakubwa», utakuwa unasema jambo lililofanyika. Haitakuwa malalamiko tu.

Kujua kontra yako. Sheria ya kazi ya inchi yetu, ile Code du travail ya mwaka 2002 yenye ilirekebishwa mu mwaka 2016, haiweke watu wote mu mufuko moja. Kontra ya muda wenye kuhesabiwa haiwezi kupita miaka 2, na inarudiwa mara moja tu. Jurnalie mwenye kutumika siku 22 ndani ya miezi 2, wakimuita tena mbele ya ile miezi 2 kuisha, sheria inamuhesabu kama mufanyakazi wa kontra isiyo na mwisho. Wengi wetu tuko mu hali ile bila kujua, na tunaenda ku mahojiano kusema «nilikuwa jurnalie tu». Usiseme «tu». Sema ulifanya kazi gani, kwa muda gani.

Kutoa preavi. Kwa kontra isiyo na mwisho, patroni mwenye kukuachisha anapaswa kukupa siku 14 za kazi, na siku 7 zingine kwa kila mwaka muzima uliotumika. Wewe ukiacha, preavi yako ni nusu ya ile yake. Tuhesabu pamoja: miaka 4 ya kazi ni 14 na 28, inafanya 42; yako ni 21. Angalia pia mapatano ya kampuni yako na sindika, sababu inaweza kupita pale. Mutu mwenye kupotea bila preavi, jibu lake ku mahojiano limeharibika mbele ya kufungua kinywa.

Kuko hali yenye sheria inaruhusu kuondoka bila preavi: wakati patroni mwenyewe ana kosa kubwa, kama vile kukata mushahara bila haki, matusi mazito, ao kuweka afya na usalama wako mu hatari kubwa yenye hukuweza kujua wakati ulitia sahihi. Lakini ile kuondoka inaandikwa, ndani ya siku 15 za kazi toka siku ulijua lile jambo. Usiifanye peke yako. Kuja kwa delege kwanza.

Kulomba sertifika ya kazi. Kontra ikiisha, hata namna gani imeisha, patroni anapaswa kukupa sertifika yenye kuonyesha kazi uliyofanya, siku ulianza, siku uliacha, na namba yako ya usalama wa jamii. Na sheria inasema hakuna neno lingine lenye kuongezwa. Musikie vizuri hapo, ndugu. Patroni hana ruhusa ya kuandika ndani yake kama ulikuwa kichwa nguvu. Hana ruhusa ya kuandika kama uliandika barua, ao kama uko mu sindika. Sheria yenyewe ilitaka ile karatasi inyamaze juu ya ugomvi. Kama sertifika inanyamaza, juu ya nini wewe uimwage?

Kuchunga neno unaloandikia sahihi. Huku kwetu tunajua bei ya neno moja. Mu mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka mu mupango wenye ulisaidiwa na Banque mondiale. Ule mupango uliitwa «départ volontaire», ni kusema kuondoka kwa mapenzi. Mu nyumba nyingi za Likasi, Kolwezi na Lubumbashi, watu wanauliza mpaka leo: mapenzi ya nani? Walikuwa wamekaa miezi na miezi bila mushahara. Wengi wao wanasema kama pesa walipewa haikufika ku haki yao. Lakini lile neno liko mu karatasi, na sahihi iko chini yake. Kwa hiyo, wakikuambia «andika demisio, itakuwa vizuri kwako ku kampuni ingine», usiandike pale pale. Kama wanakufukuza, wakufukuze kwa jina lake. Lomba siku moja, kuja na ile karatasi tuisome pamoja.

Na neno moja kwa wenye familia: wakati kontra inaendelea, matunzo ya munganga kwa bibi na watoto iko juu ya patroni. Kontra ikiisha, nayo inaisha. Kama maisha haiko mu hatari, usitoke mu nyumba ya kwanza mbele ya kutia sahihi mu ya pili. Ahadi ya mudomo ku barza ya kampuni haiko kontra.

Sasa tufike ku meza yenyewe. Jibu lisimame ju ya mafiga matatu, kama chungu: jambo moja lililotokea, hatua ulifanya, na kitu unatafuta. Lisipite dakika moja.

Kama shida ilikuwa mushahara: «Mushahara ulichelewa mara mingi mwaka huu. Niliandika, na tulilileta kwa delege. Niko na watoto mu masomo, ninatafuta kampuni yenye kulipa kwa tarehe. Kazi yenyewe ninaipenda, na mashini nilizoendesha ni za aina moja na zenu.»

Kama shida ilikuwa usalama: «Nilikataa kuendesha kamio yenye breki mbovu. Nilitoa habari kwa kapita na kwa komite ya usalama, nakala iko hapa. Ninatafuta mahali penye kukagua mashini mbele ya kila posti.»

Kama ulikuwa jurnalie: «Nilitumika pale miaka mitatu kama jurnalie. Nililomba kontra, sikupewa. Ninatafuta kazi yenye kontra, nikae, nijifunze.»

Kama shida ilikuwa namna musimamizi anasema na watu: «Hatukusikilizana juu ya namna ya kusema na wafanyakazi. Jambo lilienda kwa delege. Sipendi kuongeza, sababu yeye hayuko hapa kujibu.» Ile neno ya mwisho iko na nguvu kuliko matusi kumi. Mwenye kuuliza anasikia kama hata yeye, siku hatakuwa pale, hutamusema.

Na kama ulifukuzwa, sema ulifukuzwa. Sema juu ya nini, sema kama uliipeleka kwa Inspection ao hapana, na unyamaze. Kufukuzwa haiko mwisho wa mutu. Kukamatwa ukificha, ndiyo yenye kumumaliza.

Tuangalie jambo moja lingine, sababu linahusu wengi wa Kolwezi. Mara mingi mwenye kuuliza hasikii Swahili, wala Kifaransa chake hakiko kingi. Kuko mutafsiri kati yenu. Ukisema maneno kumi ya hasira, atapitisha tatu, na hautajua ni gani. Sema kwa vipande vifupi. Jambo. Nyamaza, apitishe. Hatua. Nyamaza, apitishe. Tarehe na hesabu zinapita vizuri kwa kila luga. Hasira haipite vizuri. Jaribu nyumbani mbele. Bibi aulize, wewe ujibu, mara tano, mara kumi, mpaka sauti itulie. Bamama, musaidie hapo: munajua zaidi ya kila mutu wakati gani bwana anaanza kupandisha sauti.

Wengine wanauliza: na wakiniuliza kama niko mu sindika? Katiba ya inchi inatambua uhuru wa sindika. Congo ilikubali toka mwaka 1969 mapatano namba 98 ya Shirika la Kazi la Dunia, yenye kukataza kumunyima mutu kazi juu ya sindika. Na Code du travail inasema kama kuwa mu sindika, kuwa delege, ao kupeleka malalamiko juu ya patroni, haiko sababu halali ya kumuachisha mutu. Unaweza kujibu kwa upole: «Ninafuata kanuni za kampuni na sheria ya kazi.» Na ukitoka pale, utuambie ni nani aliuliza, siku gani. Hiyo ni kazi yetu, si yako.

Tunajua kama ukurasa huu unasomwa pia ku ma biro ya RH, na tunataka kusema nao neno moja bila hasira. Munauliza mutu juu ya nini anaacha kazi, kisha munatupa karatasi ya kila mutu mwenye kusema kama kulikuwa shida. Mufikiri munabakia na nani. Munabakia na wenye kunyamaza. Mutu mwenye kukataa kamio yenye breki mbovu kwa kampuni ya jirani, huyo ndiye atawaambia siku breki zenu zitaanza kuharibika, mbele mashini ianguke mu shimo na mutu ndani yake. Mutu mwenye kuandika barua kwa wakati, huyo hatawachomea kazi usiku mumoja. Kama munamuogopa juu ya ile nakala yenye muhuri, basi munaogopa yule anayelinda mashini yenu na maisha ya wenzake. Ulizeni lile ulizo, ni haki yenu. Lakini musikilize jibu mpaka mwisho, na mupime hatua alifanya, si shida aliyokutana nayo.

Kwetu wafanyakazi, tusidanganyane: kujibu vizuri haifungue kila mulango. Ku milango ya kampuni watu ni wengi, nafasi ni kidogo, na kuko wenye kuingia kwa ndugu ao kwa pesa. Ile vita tunaipigana kwa njia ingine. Lakini ile dakika moja ya jibu ni yako, hakuna mutu anaweza kukunyanganya. Na ile nakala uliacha kwa delege inatumikia wale walibaki nyuma, hata kama wewe ulipata kazi ingine ao haukupata.

Basi tunamuomba kila mufanyakazi mwenye kufikiri kuondoka: mbele ya kuandika barua ya demisio, mbele ya kwenda ku mahojiano, upite kwa delege wako. Ulete kontra, fishi za mushahara, na kila karatasi yenye muhuri. Kama hauna karatasi hata moja, kuja vilevile. Tutaanza na ile ya kwanza, tuiandike leo.